Khiyana, Kiapo na Kukiri: Hulka ya Binadamu katika Riwaya ya Vita ya Ngũgĩ

Chanzo cha mkanganyiko

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki dunia huko Marekani tarehe 28 Mei 2025, riwaya yake ya tatu, A Grain of Wheat, yaani Punje ya Ngano, imerudi midomoni mwa wasomaji wa Afrika Mashariki, na pamoja nayo limerudi swali ambalo halikupata kupoa tangu kitabu kilipochapwa mwaka 1967: mwandishi huyu alimwonaje mwanadamu? Wako wasemao kwamba alimwona kiumbe dhaifu aliyezaliwa na khiyana moyoni. Wako wasemao kwamba khiyana yote iliyosimuliwa humo ni zao la utawala wa kigeni, na kwamba lau utawala ule usingalikuwako, watu wa kijiji cha Thabai wangaliishi na kufa bila kuuzana. Na wako wanaokisoma kitabu chote kama hadithi ya toba, ambamo damu iliyomwagika na dhambi iliyokiriwa huleta uzima mpya.

Mabishano haya yamezidishwa na jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba chini ya jina hilo moja mna vitabu viwili visivyolingana: toleo la 1967, na toleo lililosahihishwa na mwandishi mwenyewe mwaka 1986. Msomaji wa Busia aliyepata nakala ya karibuni, na msomaji wa Tororo aliyerithi nakala ya kale, waweza kushindana kutwa nzima juu ya tendo la mpiganaji mmoja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hakusoma, ilhali wote wawili wamesoma barabara.

Kuitaja miji hiyo miwili si pambo la maneno. Ngũgĩ aliiandika riwaya hii alipokuwa mwanafunzi huko Leeds, Uingereza, lakini alikomaa kuwa mwandishi Makerere, alikosoma tangu mwaka 1959. Na njia ya reli iliyowachukua wanafunzi wa Kenya kwenda Kampala ilivuka mpaka wa Kenya na Uganda huko Malaba na kupita Tororo, chini ya ule mwamba uonekanao toka mbali. Fauka ya hayo, watu wa mpaka huu wamepata kuyajua kwa macho yao mambo yanayosimuliwa katika kitabu: hofu ya usiku, jirani asiyeaminika, kimya chenye maana mbili. Ni haki basi kuipima riwaya kwa mizani yao.

Usuli wa riwaya

Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya mwezi Oktoba 1952, na haikuiondoa hata Januari 1960. Katika muda huo wapiganaji wa Mau Mau, waliojiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, walipigana msituni. Watu zaidi ya milioni moja wa nchi ya Wakikuyu na jirani zao walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Maelfu kwa maelfu walitiwa kizuizini bila kushitakiwa. Na zaidi ya watu elfu moja walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa. Aghalabu vita hivi vilikuwa vya ndugu kwa ndugu, kwa kuwa serikali iliwapa silaha wenyeji walioitwa homugadi wawalinde na kuwapeleleza wenzao. Mwandishi hakuyasikia mambo hayo kwa mbali: kaka yake mmoja aliingia msituni, na ndugu yake kwa baba, aliyekuwa kiziwi, alipigwa risasi na askari. Katika riwaya yumo kiziwi mmoja, Gitogo, aliyekufa kwa namna hiyo hiyo.

Kisa chenyewe hutokea katika siku chache kabla ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Watu wa Thabai wanamtaka Mugo, mkulima yatima na mkimya, awe msemaji mkuu wa sherehe, na amtukuze Kihika, kijana wao aliyekamatwa na kunyongwa. Wanamtaka yeye kwa sababu alimkinga mwanamke aliyekuwa akipigwa handakini, kisha akastahimili mateso ya kizuizini bila kufungua kinywa. Wasichokijua ni kwamba aliyemtoa Kihika mikononi mwa maadui ni Mugo yule yule, na kwamba kimya chake kizuizini hakikuwa cha kulinda kiapo cha Mau Mau, maana hakupata kula kiapo chochote. Pembeni yake wapo Gikonyo, seremala aliyekiri kiapo ili arudi kwa mkewe; Mumbi, mke huyo na dada wa Kihika, aliyezaa na mwanamume mwingine mumewe alipokuwa kizuizini; na Karanja, baba wa mtoto huyo, aliyekuwa mkuu wa homugadi.

Rai ya kwanza: kosa li katika hulka

Wanaoshika rai hii husema kwamba vita haviumbi uovu, bali huufunua ulioko. Dalili yao ya kwanza ni hesabu ya wahusika: katika kitabu kizima ni shida kumpata mtu mzima mwenye mikono safi. Dalili ya pili ni uchunguzi wa nafsi ya Mugo. Kihika alipoingia kibandani mwake usiku, baada ya kumwua bwana wilaya, akamtaka aandae watu kijijini, Mugo hakuchukia siasa yake, alichukia kusumbuliwa. Yeye alitaka shamba lake, jembe lake na amani yake, naye aliona wivu kwa kijana yule mwenye mama, baba na dada wa kumlilia, ambaye juu ya baraka hizo zote alikuja kuuhatarisha uhai wa mtu asiye na kitu. Wivu huo haukuletwa na mzungu. Dalili ya tatu hutoka katika elimu ya mwandishi: Makerere alimsoma sana Joseph Conrad, ambaye katika Under Western Eyes ya mwaka 1911 alisimulia habari za mwanafunzi aliyemsaliti mwenzake mpigania mapinduzi, kisha akashindwa kuubeba mzigo wa siri yake.

Nguvu ya rai hii ni kwamba inaheshimu ukweli wa nafsi, na inatukinga na kiburi cha kudhani kwamba sisi, lau tungalikuwa mahali pa Mugo, tungalisimama imara. Udhaifu wake ni kwamba inasawazisha mambo yasiyo sawa. Gikonyo alikiri kiapo kwa uchovu na shauku ya nyumbani. Karanja alichukua bunduki na kuwatawala watu wake. Mugo alimpeleka mtu kwenye kitanzi. Ukisema kwamba wote ni wasaliti kwa kuwa wote ni binadamu, umesema jambo la kweli lisilo na faida, kama tabibu amwambiaye mgonjwa kwamba kila mtu atakufa. Zaidi ya hayo, rai hii humwachilia mwenye kambi aende zake bila kuulizwa, maana hulka ikiwa ndiyo mkosaji, nani tena atashitakiwa?

Rai ya pili: kosa li katika utawala

Rai ya pili huanzia pale ya kwanza inapokwama. Husema: tazama vitu, usitazame nafsi peke yake. Ardhi ilichukuliwa, kijiji kilibomolewa, handaki lilichimbwa kwa nguvu za wanawake wenye njaa, zawadi ya fedha ikabandikwa juu ya kichwa cha Kihika, na mtu akawekwa mbele ya milango miwili, mmoja wa kifo na mmoja wa aibu. John Thompson, mtawala katika kisa hiki, hakuanza na ukatili. Alianza na ndoto ya kuwastaarabisha watu kwa adili ya Kiingereza, na ndoto hiyo ikaishia katika kambi ya Rira, ambayo msomaji yeyote aijuaye Hola hawezi kuisoma bila kuikumbuka. Kwa rai hii, utawala usio wa haki huwaharibu watawala na watawaliwa sawia.

Nguvu yake ni kubwa, kwa sababu hueleza kwa nini khiyana ilienea wakati ule na si wakati mwingine, na kwa sababu huhifadhi tofauti kati ya aliyebanwa na aliyembana. Walakini ina mapengo mawili. La kwanza: shinikizo lilikuwa moja, na majibu yakawa mengi; Mugo yule yule aliyemwuza Kihika ndiye aliyejitupa handakini kumkinga mwanamke, na utawala pekee hauwezi kutueleza kwa nini mkono mmoja ulitenda mambo hayo mawili. Pengo la pili ni lile ambalo mwandishi mwenyewe alilifungua kwa makusudi: Gikonyo na wenzake walitaka kulinunua shamba la mlowezi anayeondoka, wakamwendea mbunge wao awasaidie kupata mkopo, naye akawapa ahadi, kisha akalinunua shamba hilo kwa faida yake. Bendera mpya haijapandishwa, na khiyana mpya imeshazaliwa mikononi mwa mtu asiyetishwa na yeyote.

Rai ya tatu: mauti yaletayo uzima

Rai ya tatu hushika jina la kitabu, ambalo limetolewa katika Biblia, katika maneno juu ya punje ambayo sharti ife ardhini ndipo izae. Kihika ndiye punje ya kwanza, naye alipenda kuisoma Biblia na kuifasiri kwa njia ya ukombozi. Punje ya pili ni Mugo, ambaye siku ya uhuru, mbele ya umati uliokuja kumsifu, alisimama akasema kwamba mtu wanayemtafuta ni yeye.

Uzuri wa rai hii ni kwamba hulipa tendo la kukiri uzito wake, na huonyesha kwamba riwaya ina mwelekeo, haizunguki tu katika giza. Hatari yake ni wepesi wa kusamehe kwa niaba ya wengine. Mugo hakurudishiwa maisha mapya. Alichukuliwa na wapiganaji wa zamani akahukumiwa, na wazee wa kijiji, Warui na Wambui, wamebaki na mashaka ambayo hawawezi kuyataja. Mwenye kusema kwamba toba huponya sharti aeleze kwa nini aliyetubu ndiye aliyekufa, na Karanja, ambaye hakukiri kitu, ndiye aliyeondoka na roho yake.

Matoleo mawili, mwandishi mmoja

Hapa ndipo habari ya matoleo inapokuwa na maana. Katika toleo la 1967 mpiganaji mmoja wa msituni na wenzake walimnajisi Dokta Lynd, mwanamke mzungu. Katika toleo la 1986 unajisi huo umeondolewa, akabaki mbwa wake aliyeuawa. Neno lililomaanisha chama nalo limebadilishwa likawa neno la vuguvugu la watu. Kati ya miaka hiyo mwandishi alifungwa bila hukumu kwa takriban mwaka mmoja, tangu mwisho wa 1977, akaingia uhamishoni mwaka 1982, na imani yake juu ya wakulima na wafanyakazi ikazidi kukaza.

Wanaolipenda toleo la kwanza husema kwamba lilikuwa na ujasiri wa kuonyesha kwamba hata mwenye haki ya kupigana aweza kutenda uovu akiwa vitani, na kwamba kuliondoa tendo hilo ni kumsafisha mpiganaji kwa sabuni. Wanaolipenda la pili hujibu kwamba propaganda ya kikoloni ilikuwa imewapaka Mau Mau rangi ya unyama kwa miaka mingi, na kwamba mwandishi hana wajibu wa kumtilia adui mafuta katika taa yake. Hoja zote mbili zina uzito. Aliyechagua la kwanza amepata ukamilifu wa picha na kujitia katika hatari ya kuichafua haki. Aliyechagua la pili ameilinda haki na kupunguza ukamilifu wa picha. Lililo muhimu kwa msomaji ni kujua anashika lipi, maana rai ya kwanza hupata nguvu katika toleo la kwanza, na rai ya pili hupata nguvu katika toleo la pili. Hata hivyo khiyana ya Mugo na kukiri kwake vimo katika yote mawili, na hapo ndipo hukumu iwezapo kusimama.

Mizani ya mpakani

Busia ni mji wenye jina moja na serikali mbili. Wateso na Wasamia wako huku na huku. Na mpaka uliowagawa ulichorwa kwa kalamu ya watawala, ambao mwaka 1902 walilitoa jimbo la mashariki la Uganda wakalitia upande wa pili. Neno bodaboda, ambalo leo husemwa toka Mombasa hata Kigali, lilizaliwa katika mpaka huu wa Busia na Malaba, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwapakia watu na mizigo katika kile kipande cha njia kilicho baina ya vituo viwili vya forodha. Kazi ile ilikuwa na adabu yake: mwendesha baiskeli hutazama mbele, hasikii kilichosemwa nyuma yake, na hajui gunia lina nini. Kimya hicho kilikuwa riziki. Na katika zamani za hofu kikawa pia uhai.

Zamani za hofu zilikuwa nyingi. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971 nchini Uganda, Waganda wengi waliomkimbia Idi Amin walivuka hapa. Mwanzoni mwa Machi 1979, waasi waliotoka upande wa Kenya waliushambulia mji wa Tororo, na majeshi ya Amin yakaja kuukomboa. Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena, kiongozi wa waasi wa Uganda, walipita Tororo wakipigana, kabla ya kushindwa karibu na Jinja, na mwenyewe akakimbilia Kenya. Na Desemba ya mwaka huo huo askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi mpakani Busia. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Kenya iliwasaka watu wa magharibi mwa nchi kwa tuhuma za kuwa katika kundi la waasi lililojiita kwa tarehe 18 Februari, siku aliyonyongwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, mwaka 1957. Hivyo kumbukumbu ya msitu wa Nyandarua ikafika hata mtoni Sio.

Katika kila moja ya nyakati hizo, swali la Mugo liligonga mlango wa mtu asiyelitafuta. Mkimbizi amekuja usiku: umfiche, na ukamatwe naye, au umtaje, na uachwe ulime shamba lako? Anayemficha ni shujaa kwa serikali moja na mhalifu kwa nyingine, na serikali zikibadilika majina nayo hubadilika. Hapa rai ya pili hupata ushahidi wa dhahiri: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi, na aliyebanwa baina ya dola mbili hahukumiwi kama aliyelala salama. Walakini mpaka huo huo huipunguza rai hiyo, kwa kuwa watu wake wajua vema kwamba palikuwa na waliomtaja jirani kwa hofu, na palikuwa na waliomtaja kwa sababu ya ng'ombe wake au deni lake. Vita viliwapa wote kisingizio kimoja. Nyoyo zao hazikuwa moja.

Kupima rai

Kila rai imeshika kipande cha kweli. Lakini kuna jambo ambalo zote tatu hulipita upesi, nalo ni kwamba Mugo alikiri mara mbili. Mara ya kwanza alikiri ofisini kwa Thompson, alipokwenda kusema Kihika atapatikana wapi. Na wakati ule alidhani ametua mzigo, kwa maana siri iliyokuwa ikimkaba ilikuwa imetoka kinywani. Mara ya pili alikiri uwanjani, mbele ya watu wa Thabai. Kinywa ni kile kile, na siri ni ya mtu yule yule. Kilichotofautiana ni msikilizaji. Kukiri kwa kwanza kuliambiwa mwenye nguvu za kulipa na kuadhibu, na kulinunuliwa kwa damu ya mwingine. Kukiri kwa pili kuliambiwa waliodhulumiwa, na aliyelipa ni mwenye kukiri.

Ukilishika jambo hili, mafundo mengi hufunguka. Gikonyo naye alikiri kwa serikali, akarudi nyumbani akiwa na mwili huru na moyo uliofungwa. Hakuanza kupona mpaka alipoisema siri yake kwa mwenzake. Thompson alikuwa mtaalamu wa kuwafanya watu wakiri, na kambi zake zilijaa maungamo, lakini hakuna hata moja lililomjenga mtu. Na Mugo alisimama uwanjani siku ambayo wapiganaji walikuwa wakimshuku Karanja, wakiwa tayari kumtaja yeye mbele ya watu. Kwa kusema kweli, Mugo alimwokoa mtu asiyempenda na hatia isiyokuwa yake. Mtu ambaye hulka yake ni khiyana tupu hawezi kutenda hivyo, na mtu aliyeumbwa na utawala peke yake asingalitenda hivyo siku ambayo utawala ulikuwa unaondoka na siri yake ilikuwa salama.

Kwa hiyo hukumu ya uchambuzi huu ni hii: Ngũgĩ aliiona hofu kuwa ya hulka, aliona ubano kuwa wa utawala, na aliona hiari ya mtu kuwa katika kile afanyacho baada ya kuanguka. Rai ya tatu ndiyo iliyo karibu na muradi wake, sharti ipunguzwe tamaa ya faraja: kukiri hakumwokoi mkosaji na malipo, ila huwaokoa wengine na uongo. Tena gharama yake yapaswa kusemwa wazi. Kukiri hadharani kulimwua Mugo, na katika nchi ambazo wenye silaha wangali karibu, si adili kumwamuru mnyonge aseme kila alijualo. Serikali zetu zimejaribu njia ya tume: Uganda iliunda ya Jaji Arthur Oder mwaka 1986, iliyotoa ripoti mwaka 1994, na Kenya ikaunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013. Faida ya tume ni kwamba hukusanya habari bila damu. Hasara yake ni kwamba huenda neno likaandikwa Nairobi au Kampala, na mjane wa Busia au Tororo asilisikie kwa yule aliyemdhulumu.

Muhtasari

Basi msomaji aliyetatizwa na aanze kwa kuangalia mwaka wa toleo alilo nalo. Kisha ajue kwamba rai ya hulka yatufundisha unyenyekevu, lakini husawazisha makosa yasiyolingana; rai ya utawala yatupa haki, lakini haimalizi habari ya moyo; na rai ya toba hutupa njia, lakini husahau upesi kaburi lililo kando ya njia hiyo. Mwisho atazame ni nani anayekiri, na kwa nani.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mwishoni mwa riwaya Gikonyo amelala hospitali na mkono uliovunjika, akiwaza kigoda alichotaka tangu zamani kumchongea Mumbi. Awali alikuwa amewaza sura ya mwanamume, mwanamke na mtoto. Sasa, baada ya siri zote kusemwa, anaibadilisha sura ya mwanamke. Atamchonga akiwa mja mzito.